Saa ya Farasi

Telegramu ilifika Khovd imekunjwa mara nne.
Katiba itaanza kutumika
tarehe kumi na mbili Februari, saa sita kamili mchana,
yaani saa ya Farasi, siku ya tisa
ya mwezi wa kwanza wa machipuko,
mwaka wa Tumbili wa Maji.

Machipuko! Mto Buyant ulikuwa jiwe,
na wino niliupasha kwa moto wa samadi ya ngamia
ndipo ukakubali kuandika.

Mimi ni karani wa mahakama. Kazi yangu saa:
nani kaingia, shauri limeitwa lini.
Ile ya ukutani, ya Kirusi, yenye uso wa bati,
huchelewa dakika nne. Nimeizoea.
Nazirudisha kwa kalamu.

Siku hiyohiyo walimkamata Luvsansharav, dereva wa lori,
na ngozi arobaini na moja za mbuzi.
Zangu, alisema.
Za ushirika, wakasema, wakazishusha.
Sajini akaandika kwa mwandiko wa kupendeza:
saa tano na dakika ishirini.

Sasa, Khovd iko nyuma ya mji mkuu saa nzima.
Jua hupita kwao kwanza, likija kwetu limechoka.
Saa tano na ishirini ya sajini
ilikuwa saa sita na ishirini Ulaanbaatar.
Redio ya Norjmaa ilikuwa imekwisha kupiga wimbo wa taifa,
naye alikuwa amesimama wima jikoni
chai ya chumvi ikifurika.

Basi zile ngozi zilishushwa na sheria ipi?

Mwendesha mashtaka alisema sheria husafiri na jua,
na jua la saa sita lilikuwa halijatufikia.
Wakili, binti mdogo, koti la kuazima,
alisema nchi haizaliwi kichwa
miguu ikabaki tumboni saa nzima.
Mtu akacheka nyuma. Nikaandika: kicheko.

Sheria ni msumeno, tunakubali sote.
Lakini jino la kwanza liligusa mti saa ngapi,
na lilianzia upande gani wa gogo?

Luvsansharav akaulizwa kama ana neno.
"Nilisimama kununua sigara," alisema.
"Nisingesimama, ningekuwa nimeshafika.
Nataka kujua tu, ile saa moja
nilikuwa raia wa nini."
Niliandika swali lake. Alama ya kuuliza ilinishinda.

Usiku nikamkumbuka babu.
Walimchukua mwaka thelathini na saba.
Miezi michache iliyopita walinionyesha jalada:
tarehe ipo, jina la aliyetia sahihi lipo,
penye saa pameachwa wazi,
kana kwamba mtu hahitaji saa ili atoweke.
Saa alikuwa nayo bibi.
"Nilikuwa namkamua ng'ombe wa pili," alikuwa akisema,
akafika hapo, akanyamaza, kila mwaka,
ng'ombe wa tatu hakumfikia kamwe.

Hakimu aliahirisha. Akaahirisha tena.
Ngozi zilikuwa stoo, na panya wa stoo
hawakungoja tafsiri ya mtu.

Siku ya hukumu aliniambia niandae fomu.
Penye "saa ya tukio" kalamu ilikaa.
Halafu nikaandika: ya Farasi.
Dakika sikuweka.
Farasi ana mwili mrefu,
karibu saa mbili kutoka pua hadi mkia;
mji mkuu wote unaenea mgongoni,
na sisi, tukibanana, tunaenea pia,
na lori, na mtu aliyeshuka kununua sigara.

Hakimu alisoma pale. Akasoma tena pale pale.
Akakohoa, akavuta kidau cha wino,
akapiga muhuri.

Muhuri ulikuwa bado ule wa zamani.
Mpya, walisema, uko njiani.